Maji Mafu Siyo Kufa Maji

Mama,

Nakuandikia nikiwa Nsemulwa, hapa Mpanda, nyumbani kwa dada Generoza, nimekaa kwenye kigoda chako ambacho dada alikibeba kutoka kijijini kwetu Mamba akisema hakuna mtu atakayekikalia tena. Mimi nimekikalia. Atanigombeza akirudi sokoni, na wewe ungekuwepo ungemwambia aniache. Mikono bado inaniwasha kwa makapi ya mpunga. Juzi tumemaliza kuvuna shamba lako.

Najua hukujaliwa kusoma. Kila ujumbe niliokutumia ulipita kwanza kwenye macho ya Baba Deo, jirani yetu, ambaye alikuwa anasimama mlangoni pako na miwani yake iliyofungwa uzi, anasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Barua hii hatasoma yeye. Tangu ule ujumbe wa Oktoba hajamsomea mtu tena. Watu wakimpelekea simu anasema macho yameisha, wakati ng'ombe akiingia shambani kwake anamwona kutoka ng'ambo ya barabara.

Nianze na huo ujumbe, maana mengine yote yalitoka humo.

Unakumbuka nilipopangiwa kufundisha kule delta ya Mto Rufiji, ulisema, "Huko ni maji tupu, na wewe hata kwenye bwawa unashika ukingo." Kijiji chenyewe kipo kando ya kijito kinachopita katikati ya mikoko, na kwenda nchi kavu ni kwa boti. Mtandao unapatikana ukipanda kwenye tuta moja nyuma ya shule, tena kwa kubahatisha. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi natoka na boti, nafika bandarini, nakupigia tunaongea mpaka tushibe. Oktoba ile boti haikutoka. Wenyeji wakasema ni maji mafu. Mimi nilikuwa na miezi michache tu pale, nikaona neno zuri, nikajifanya mwenyeji. Nikapanda tutani nikakuandikia: "Mama kesho siwezi kutoka, maji mafu." Kisha nikashuka nikaendelea kusahihisha madaftari.

Maji ya kwetu ulikuwa unayajua yote. Kwenye chemchemi za Majimoto tumeoga tangu tukiwa watoto. Maji ya mfereji, maji ya kisima, maji ya mvua ya kwanza yasiyofaa kunywa, hayo yote ulinifundisha wewe. Lakini maji mafu hakuna mtu wa Mamba aliyewahi kuyasikia. Dada anasema Baba Deo alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akavua miwani akaifuta, halafu akaamua kwamba aliyeandika amekosea. Akakwambia Yusta ameshindwa kutoka, amekufa maji. Mtu mmoja pale uani akauliza, sasa aliyekufa anaandikaje ujumbe? Baba Deo akasema ni wenzake wamechukua simu yake, na ndiyo maana wamekosea maneno, maana mwalimu asingeandika hivyo.

Ukanililia siku mbili, mama.

Simu yangu ilikuwa haipatikani, na hilo kwenu likawa ushahidi. Wakinamama wa jumuiya walikuja na khanga zao na mikeka. Dada alipanda gari kutoka Mpanda akilia njia nzima, na abiria wakampisha kiti cha mbele. Nilipopata boti siku ya tatu nikapiga, ikapokelewa na sauti nisiyoijua, nyuma yake nyimbo za msiba. Nikauliza nani amefariki. Yule mama akatupa simu chini.

Wewe ndiye uliyeiokota. Ukasema, "Sema tena nisikie." Nikasema, mama ni mimi. Ukasema, "Sema tena."

Na mimi nilifanya nini? Nilikukasirikia. Nilisikia kwamba mwalimu mkuu wangu naye ameshatumiwa ujumbe na watu wa kwetu wakiuliza mwili utasafirishwa lini, akipata mtandao ataukuta, na bandarini pale watu walikuwa wananiangalia ninavyojieleza kwa kelele. Niliona aibu. Nikakwambia umenidhalilisha, nikakwambia maji mafu ni maji mafu tu, siyo kufa maji, wewe hutaelewa.

Hukujibu kwa hasira. Ulisema, "Basi nieleweshe."

Nikasema siku nyingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu. Nilisema siku nyingine kwa sababu nilikuwa sijui. Mwalimu mzima, nina cheti, naandika ubaoni kupwa na kujaa, wanafunzi wananakili, lakini kwa nini siku fulani boti haitoki nilikuwa sijui. Na wewe hukuacha. Novemba uliniuliza kama maji mafu ni kama yale ya Sitalike wakati wa kiangazi, viboko wanapobanana kwenye tope. Nikasema siyo. Ukauliza tena habari ya mpunga, maana nilikuwa nimekwambia kule nao wanalima mpunga, na mto wao unapanda kurudi juu unawamwagilia. "Mto unapandaje? Na hiyo chumvi ya bahari haiui mpunga?" Nikasema, mama, ni mambo marefu. Likizo ya Desemba sikuja. Nilisema nitakuja Juni, nitakueleza tukiwa tunavuna.

Juni nimekuja. Kwa hiyo nakueleza.

Ile Jumatatu ya Februari mwalimu mkuu aliponiita nje ya darasa akaniambia umeanguka jikoni na hukuamka, jambo la kwanza nililouliza ni boti. Akaangalia chini. Akasema leo ni maji mafu. Nilimwangalia yule mzee wa watu kana kwamba amenitukana.

Nikaenda kwa mvuvi mmoja anaitwa Shomari, ana mtumbwi mdogo. Akaniambia mtumbwi utapita, lakini nisubiri maji yapande, kwa sasa yanatoka. Nikamwambia mama yangu amekufa, sisubiri kitu. Alitaka kunibishia, akaona uso wangu, akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Hatukwenda mbali. Kijito kilikuwa kinapungua tukiwa tunakiangalia, na kabla ya saa nne asubuhi mtumbwi ukakaa kwenye tope, kulia mikoko, kushoto mikoko, na kaa wadogo wekundu wakatoka kwenye mashimo yao kutuangalia. Shomari akaweka pondo chini. Hakusema nilikwambia. Akasema tu, "Hapa sasa ni kusubiri, mwalimu."

Nililia mpaka nikachoka. Nilipochoka nikamuuliza, kwa nini? Nadhani nilikuwa nauliza kwa nini umekufa. Yeye akajibu kuhusu maji, na sikumkatiza. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, mama, siku ambayo ulikuwa huwezi tena kuuliza.

Tulia sasa unisikilize. Utaelewa.

Unakumbuka mwaka ule Baba Deo alipoziba mfereji kule chini kwake ili amwagilie vitunguu? Tulikwenda shambani asubuhi tukakuta majaruba yetu yamejaa mpaka kwenye kingo, na mvua haikunyesha. Mimi nilifikiri mfereji umepasuka huko juu. Wewe ulichuchumaa ukaangalia uchafu ulivyokuwa unaelea. Ulikuwa umesimama, halafu ukaanza kurudi nyuma taratibu. Ukasema, "Huyu ameziba." Hukuwa umefika kwake wala kumwona, ila maji yalikuwa yameshakwambia.

Basi bahari ndiyo Baba Deo. Mara mbili kila siku inaziba mfereji kule chini. Mto unakuja na maji yake kutoka bara, unamkuta mwenye nguvu amesimama mlangoni, maji yanakosa pa kwenda yanajaa yakirudi juu. Yanayopanda kwenye mashamba ya mpunga kule ni yale yale matamu ya mto, yaliyosukumwa yarudi. Wenyeji wanaacha upenyo kwenye tuta yaingie, wanauziba kabla hayajaanza kutoka. Ungewaona ungesema wanaiga kazi yako.

Chumvi nayo inaingia, hukukosea kuuliza. Lakini maji ya chumvi ni mazito, yanatambaa chini, na maji matamu yanapita juu yake. Wakati wa mvua mto una nguvu, unaisukuma chumvi karibu na bahari, na ndipo wanapopanda mpunga. Kiangazi mto unakonda, chumvi inapanda mbali mpaka kwenye visima. Nyumba ninayokaa mimi, ikifika Oktoba chai ina ladha ya machozi, na hilo sikukwambia kwa sababu ungenitaka nirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Shomari alinionyesha na kitu kingine. Yale maji yakiingia kutoka baharini yanaingia kwa haraka, yakitoka yanatoka taratibu sana, maana kule juu mto una kina kifupi na maji yake yote yanasubiri kushuka. Tena hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Kule mlangoni mwa mto yanakuwa yameshaanza kutoka, na huku juu kwetu bado yanapanda. Nikamuuliza tutajuaje yamegeuka. Akanionyesha jani la mkoko lililokuwa linaelea kwenye mkondo mdogo uliobaki. Akasema likisimama, tujiandae.

Nikalikodolea macho lile jani. Wewe ulikuwa umelazwa kwenye chumba baridi, dada alikuwa anabembeleza wazee wanisubiri, na mimi naangalia jani. Nililiomba lisimame kama mtu anavyoomba mgonjwa apone. Lilikwenda, likakwama kwenye mzizi, likachomoka, likaenda tena. Saa nane hivi likasimama. Sikuamini. Likazunguka mara moja, likaanza kurudi kwetu, na chini ya mtumbwi nikasikia tope linaachia.

Sasa kuhusu maji mafu. Hili ndilo ulilolilia, kwa hiyo nataka niliseme vizuri. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari inasukuma kwa nguvu zote, maji yanapanda juu sana na yanashuka chini sana. Hayo wanayaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, bahari inakuwa kama mtu aliyechoka. Maji yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, hayana nguvu ya kujaza kijito cha kwetu, na boti kubwa inabaki imelala kwenye tope. Hayo ndiyo maji mafu. Hakuna aliyekufa. Ni maji yaliyopumzika tu, na baada ya siku chache yanaamka.

Umeona? Ni mwezi. Wewe uliyekuwa unatoka nje kuangalia mwezi kabla ya kuloweka mbegu, wewe uliyejua kila ng'ombe wa jirani mwenye mimba atazaa mwezi gani, ningekwambia sentensi mbili tu ungenimalizia ya tatu mwenyewe. Nilikwambia hutaelewa. Mtu wa kwanza ambaye angeelewa ni wewe.

Ile siku moja iliyopotea kwenye tope haikurudi. Nililala bandarini Jumatatu, Jumanne nikafika Dar, Jumatano alfajiri ndipo nikapata basi. Wazee walikuwa wamekubali kusubiri mpaka Jumatano alasiri. Wamekutunza, mama, walisubiri kuliko ilivyo kawaida. Simu yangu ilipopata mtandao mahali fulani kabla ya Tabora, ujumbe wa dada ukaingia: "Tumemlaza." Nilikuwa nimekaa na mama mmoja mwenye kuku kwenye kapu. Nikampa simu asome, sijui kwa nini. Alisoma, akanishika mkono mpaka tukafika Mpanda.

Alhamisi nilikuta udongo wa juu umeshakauka. Baba Deo alikuwa amekaa peke yake pembeni ya kaburi, hana miwani. Alisimama kunipa pole, akasema, "Mwalimu, safari hii ujumbe wako wa kusema uko njiani nilimpa mwingine asome." Nilitaka kumkasirikia na yeye. Nikakuta sina hasira iliyobaki, nilikuwa nimeimalizia kwako ile Oktoba.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Paa la jiko limeshabadilishwa, na dada amegombana na fundi kwa niaba yako. Kisukuma cha wale majirani wapya wenye ng'ombe nimeanza kukisikia, wana heshima, walikuja na maziwa siku zote za msiba. Kanisani kiti chako hakikai mtu, wanaweka daftari za kwaya.

Halafu kuna shamba.

Nilipofika kuvuna nilikuta nusu yake ni majani. Majaruba ya upande wa mfereji yana mpunga mzuri, ya upande wa ule mti wa mhama hayakuguswa. Nikadhani ulikuwa unaumwa ukatuficha. Tulikuwa tumeinama tunakata, nikamuuliza dada kwa nini mama hakupanda lote. Alikata mashada kama matatu, akayafunga, akanyooka akajishika kiuno. Akasema, "Mbegu ziliisha." Nikamuuliza ziliishaje, kila mwaka mama anatunza debe zima. Akasema, "Zililiwa kwenye msiba wako, Yusta."

Nilikaa chini pale pale kwenye mabua.

Akanieleza. Oktoba ghalani kulikuwa na mahindi tu, tena yameingia wadudu. Mchele ulikuwa umekwisha, kilichobaki ni debe la mbegu chini ya kitanda. Wakinamama walisema wataleta unga wa kwao, wapike ugali. Wewe ukakataa. Ulisema, "Mwanangu ni mwalimu, hawezi kuliliwa kwa mahindi ya wadudu." Ukalivuta debe mwenyewe, ukaanza kutwanga, unatwanga unalia, na hukumruhusu mtu akupokee mchi. Watu walikula wali kwenye msiba wangu. Walipojua niko hai ulikuwa umebaki na vikombe vichache chini ya debe. Ndivyo ulivyopanda.

Na mimi nakwambia umenidhalilisha.

Hukulisema hata mara moja. Novemba unauliza habari za mto unaopanda, Januari unauliza kama wanafunzi wamefaulu, kumbe umekaa na shamba nusu. Dada anasema ulimkataza. Ulimwambia, "Mtoto amerudi, mambo ya mbegu ni ya nini?" Nimelisikia hilo neno mara nyingi sana wiki hii, nikiwa nakata, nikiwa napepeta, nikiwa najaribu kulala. Nisamehe, mama. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Siku ya mwisho ya kupura walikuja majirani kusaidia, na Baba Deo naye. Wakati wa kula nikachimba mfereji mdogo uani kwa jembe, nikamwaga maji ndoo mbili, nikamwambia Baba Deo aweke mguu wake pale chini azibe. Maji yakarudi juu. Nikatupa jani. Wakinamama wale wale walionililia wakasimama kuangalia jani linavyosimama na kugeuka. Nikawaeleza mto, chumvi, mwezi, na maji mafu. Hakuna aliyeshindwa kuelewa. Baba Deo akaangalia mguu wake kwenye tope, akasema, "Kumbe mimi ndiye bahari." Watu wakacheka, naye akacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Halafu akafunika uso akalia, na tukamwacha alie.

Baadaye aliniomba nimwandikie kwenye karatasi maneno hayo mawili, maji mafu na kufa maji, na kila moja nimwekee maana yake. Ameikunja ameweka kwenye mfuko wa shati pamoja na miwani.

Debe lako lipo hapa pembeni yangu. Tumelijaza, nimechagua mbegu moja moja kama ulivyokuwa unachagua, na dada akirudi atalifungia kwa kufuli kwenye chumba chake, anasema hata akifa yeye watu wale ugali. Mwezi unakaribia kuwa mpevu. Nimehesabu, nikiondoka kesho nitakuta bamvua, na boti itaingia mpaka mbele ya shule.

Shule zikifungwa Desemba nitarudi Mamba kupanda. Nitapanda majaruba ya mfereji na ya mhama, lote, mpaka kwenye mpaka wa Baba Deo. Nimeshachora miezi kwenye kalenda ya darasani, mipevu na nusu, na siku ya kutoka nimeizungushia duara. Safari hiyo maji hayatanizuia, kwa sababu sasa nayajua, na nikikuta yanatoka nitakaa nisubiri jani lisimame.

Lala, mama. Wali ulikuwa mtamu, wote waliokula wameniambia.

Ni mimi Yusta, uliyenililia nikiwa hai.